Toa damu ya kambare mapema, mafuta yasichache

Kambare wa kufugwa anaweza kutoka kwenye friza akiwa hana dalili ya kuoza, na bado akanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Hiyo si kazi ya bakteria. Mafuta yake yamechacha, na kilichoharakisha ni damu iliyobaki mwilini.

Mafuta ya samaki hushikana na oksijeni kwa urahisi na kuzaa haidroperoksidi, au peroksidi kwa kifupi. Hizi hazina harufu. Balaa huanza zinapokutana na hemi, yaani sehemu yenye chuma iliyomo ndani ya hemoglobini ya damu na mioglobini ya nyama. Chuma hicho huvunja kiungo kinachoshikilia atomi mbili za oksijeni za peroksidi, na hapo huzaliwa radikali huru, yaani chembe zisizotulia zinazoshambulia chochote kilicho karibu. Radikali hunyang'anya hidrojeni kwenye mafuta ya jirani. Jirani naye hushika oksijeni, huwa peroksidi mpya, kisha hukutana tena na hemi. Ndiyo maana damu kidogo tu huharibu samaki mzima. Mwishoni hutokea aldehidi, ambazo ndizo zenye ile harufu mbaya. Hemi nayo hubadilika rangi chuma chake kinapopoteza elektroni, kwa hiyo ukanda wa nyama nyekundu ubavuni ukigeuka kahawia, ujue mchacho uko njiani hata kama pua haijausikia.

Kazi yote, basi, ni kuondoa hemi kabla haijapenya kwenye nyama.

Acha kulisha saa 24 kabla ya kuvua, na usiwasonge samaki kwenye wavu kwa muda mrefu. Samaki aliyehangaika hujaza damu kwenye misuli, na nyama yake huwa na asidi mapema. Mzimishe kwa pigo moja la rungu kichwani. Fuvu la kambare ni gumu, kwa hiyo pigo liwe zito. Papo hapo kata matamvua ya pande zote mbili kwa kisu kikali, mpaka kwenye mishipa iliyo chini ya koo. Usivue ndoo nzima ndipo uanze kukata. Damu ya samaki huganda upesi, na moyo ukishasimama hakuna kinachoisukuma nje.

Mtumbukize kwenye maji safi yenye barafu, angalau lita 3 kwa kila kilo ya samaki, kwa dakika 15. Maji yakiwa mekundu yabadilishe, la sivyo unawaosha samaki wanaofuata kwa hemi ileile. Kisha mpasue, toa matumbo, na hapa ndipo wengi wanapopuuza: chini ya uti wa mgongo kuna utepe mwekundu uliokolea, ambao ni figo iliyojaa damu. Chana utando wake, sugua kwa brashi ngumu mpaka mfupa uonekane mweupe, suuza. Mpange kwenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, maji yanayoyeyuka yakiwa na mahali pa kutokea.

Ndimu isipakwe kabla ya kugandisha. Asidi huifanya hemoglobini iachie oksijeni, igeuke kahawia haraka na kudondosha hemi yake ndani ya mafuta. Chumvi nayo huchochea mchacho. Ipake siku ya kupika au muda mfupi kabla ya kubanika kwa moshi. Moshi wenyewe una fenoli zinazozima radikali, hivyo kambare wa moshi aliyetolewa damu vizuri hustahimili kuliko mbichi.

Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hupunguza kasi tu, haiuzimi mnyororo huo wa radikali na peroksidi. Fuwele za barafu hupasua seli na kuzikutanisha damu na mafuta. Funga samaki kwa plastiki inayobana bila hewa, au mchovye kwenye maji ya barafu akishaganda ili avae ganda la barafu. Kambare mwenye mafuta mengi muuze ndani ya miezi 2. Nyama ya kusaga isikae hata muda huo, kwa sababu kusaga huchanganya damu, mafuta na hewa kwa mara moja.

Kagua pia chakula cha bwawani. Pumba za mpunga na unga wa dagaa vikiwa vimechacha humaliza vitamini E ya samaki angali hai, na vitamini hiyo ndiyo inayokata mnyororo wa radikali ndani ya nyama. Nunua chakula cha kutosha mwezi mmoja tu, kiweke kivulini, juu ya vichaga.