Kupiga msasa jahazi dogo kwa mashine

Hapa Bagamoyo nachonga majahazi ya mninga, urefu shibiri moja na nusu. Mashine yangu ndogo, ile yenye pua ya pembetatu, naivalisha msasa namba 120, kisha 180, mwisho 240; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Ukiruka namba, mikwaruzo itakuumbua ukishapaka vanishi.

Iwashe kabla haijagusa mti, fuata nyuzi za mbao, usiikandamize. Uzito wake unatosha. Wala isitulie mahali pamoja. Omo, yaani sehemu ya mbele, la jahazi langu la kwanza lilibonyea hivyo hivyo, sasa naning'inizia funguo.

Mlingoti usiuguse kwa mashine: kunja kipande cha msasa, tumia vidole. Barakoa vaa hata ukiwa barazani penye upepo wa bahari, vumbi la mninga huwasha pua.