Mgonjwa anapokuja na sindano aliyoinunua dukani

Zahanati isiyo na utaratibu wa dawa ambazo wagonjwa huzinunua nje huachia uamuzi huruma ya nesi wa zamu. Karatasi moja iliyobandikwa chumba cha sindano inatosha.

Kwanza cheti: jina la mgonjwa, dawa, dozi, njia ya kuchoma, mara ngapi, tarehe na saini. "Daktari alisema" si cheti. Mpeleke kwa mganga wa zamu amwone upya. Uliza mzio, hasa wa penisilini. Adrenalini ya 1:1000, ya kutibu mshtuko wa mzio, iwe mezani (mtu mzima 0.5 ml, msuli wa paja), na mgonjwa akae nusu saa baada ya kuchomwa.

Soma jina kwenye kichupa, usiliamini boksi. Kichupa kilichokwisha tobolewa usipokee, isipokuwa insulini ya mgonjwa mwenyewe iliyoandikwa tarehe ya kufunguliwa, isiyozidi siku 28. Usiulize kama dawa imetunzwa vizuri, kila mtu atasema ndiyo. Uliza, "Tangu uinunue umeiweka wapi?" Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Oksitosini (dawa ya uzazi) huharibika kwa joto: ya kuletwa mfukoni ikataliwe, bila mjadala.

Makosa mengi yako kwenye kuchanganya. Boksi la seftriaksoni (antibiotiki) mara nyingi huja na ampuli ya lignokaini (ganzi), nayo ni ya kuchanganyia sindano ya msuli tu. Kwa mshipa tumia maji ya sindano, tena usiipitishe pamoja na dripu ya Ringa: ina kalsiamu, na vikikutana hutengeneza chembe. Mtoto wa chini ya siku 28 anayehitaji dripu yenye kalsiamu asipewe seftriaksoni kabisa. Benzathini penisilini ni ya msuli, ndani sana. Ikiingia mshipani inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia. Ni nzito na hutuama upesi. Tumia sindano ya geji 21 au nene zaidi, tikisa, choma papo hapo. Ukichelewa sindano inaziba, na mgonjwa atatobolewa mara mbili.

Rejista iwe na namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, duka ilikonunuliwa na jina la aliyechoma. Mgonjwa akipata madhara, taarifa ya kwenda TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) itataka namba hiyo, na kichupa kitakuwa kimeshatupwa. Dozi zilizobaki ziandikwe jina la mwenyewe. Mgonjwa mwingine asikopeshwe, hata kama dawa ni ileile.