Mbwa anavyokuwa na adabu bila kupelekwa kwa mwalimu, na we ufanyeje nyumbani

Bibi yangu kule Marangu alikuwa na mbwa anaitwa Simba, mbwa wa kienyeji tu, mwekundu mwekundu, sikio moja limelala. Jiko la bibi lilikuwa banda la mabanzi pembeni ya nyumba, mlango uko wazi muda wote moshi utoke, na Simba alikuwa anakuja kulala pale mlangoni, miguu ya mbele imegusa kizingiti kabisa, pua iko ndani inanusa machalari, zile ndizi za kupika na nyama, ila mwili wote uko nje. Hakuwahi kuingia. Hakuna aliyemfundisha, na kila mgeni alikuwa anauliza, bibi huyu mbwa umemfanyaje?

Mi nimekuja kuelewa ukubwani baada ya kufuga wa kwangu. Chakula cha Simba hakikutoka jikoni hata siku moja, makombo yote yalimwagwa jioni kwenye sufuria iliyotoboka, chini ya mgomba uleule, watu wakishamaliza kula. Na Simba akiweka mguu ndani bibi anaacha kupakua, anakuja anasimama mbele yake na mwiko mkononi, kimya, hapigi wala hagombi, mpaka mbwa arudi nyuma ndo anaendelea. Kila siku hivohivo miaka yote. Kwaiyo bibi hakuwa anafundisha ila mbwa alikuwa anasoma, na hilo ndo nataka ulishike kabla ya vingine vyote: mbwa anasoma saa zote, hata we ukiwa umekaa unaangalia simu. Kitendo kinachomlipa anakirudia, kisichomlipa anakiacha taratibu. Mmarekani mmoja Edward Thorndike aliliandika hili mwaka 1898 baada ya kufungia paka na mbwa kwenye visanduku na kuangalia wanavyojifunza kutoka, ila bibi alikuwa analijua bila kusoma popote.

Sasa tuanze na kumchukua. Usichukue mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki 8. Najua huku kwetu watu wanauza wa wiki nne au tano, wanakwambia mchukue mapema akuzoee, sio kweli jamani, zile wiki anazobaki na mama na ndugu zake ndo anafundishwa kung'ata kwa kiasi. Akimng'ata mwenzie kwa nguvu mwenzie analia na mchezo unaisha, akimng'ata mama chuchu mama anainuka anaondoka, baada ya siku nyingi za hivo anajua meno yake yanauma. Mtoto aliyetolewa mapema hilo somo amelikosa, alafu we unakuja kulalamika mbwa wangu anang'ata watoto wakicheza nae.

Na ukienda kumchagua muangalie mama kuliko hata huyo mtoto. Ukiingia pale uwani mama anakuja anakunusa na kurudi kulala, au anajificha, au anakurukia kwa meno? Tabia nyingine wanarithi na nyingine wanaiga. Kuna utafiti ulitoka Afrika Kusini mwaka 1997, wa Slabbert na Rasa, walichukua watoto wa mbwa aina ya jamani shepadi (German shepherd) ambao mama zao ni mbwa wa polisi wa kunusa dawa za kulevya, wakawaacha wawatazame mama zao wakifanya kazi wakiwa na wiki 6 mpaka 12, kuwatazama tu. Walipofika miezi 6 wakapimwa, wakafanya kazi ile vizuri kuliko wale ambao hawakuwahi kumuona mama akiifanya. Ndo maana ukiwa na mbwa mzima mtulivu nyumbani, mtoto unayemleta umeshapunguziwa nusu ya kazi. Kwa bibi pia ilikuwa hivo, Simba alipozeeka akaletwa mwingine mdogo, na ndani ya mwezi unamkuta kalala pembeni ya Simba, miguu kwenye kizingiti.

Alafu kuna dirisha, hili ndo watu wengi wanalikosa na likifunga halifunguki tena kirahisi. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 hivi au 14, ubongo wa mbwa mdogo unapokea vitu vipya bila hofu kubwa. Watafiti wawili, Scott na Fuller, walilichunguza hili miaka mingi kule Bar Harbor, Marekani, kitabu chao kikatoka 1965. Vitu anavyoviona wakati huo vikiwa havimuumizi, ukubwani anaviona vya kawaida, asivyoviona ataviogopa, na mbwa muoga ndo anayebweka ovyo na kung'ata. Kwaiyo mbebe. Kama chanjo hajamaliza usimuweke chini huko barabarani maana pavo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, inaua haraka sana, mpakate tu, kaa nae getini. Aone bodaboda ikipita, mzee mwenye kanzu, mama na mwavuli, watoto wa shule wanakimbia, fundi na nyundo, kuku, mtu anayechechemea. Kila kimoja kikipita mpe kipande kidogo cha dagaa. Dakika kumi zinatosha, akianza kutetemeka rudi nyuma mbali kidogo, usimlazimishe.

Mfano mkubwa wa hili uko Namibia. Lile shirika la kuokoa duma, Cheetah Conservation Fund, tangu 1994 wamekuwa wakiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki wa kulinda mbuzi ili mfugaji asiue duma. Mtoto wa mbwa anawekwa akue na mbuzi tangu mdogo, analala nao, ananusa harufu yao, anaenda nao malishoni, akikua anawaona mbuzi kama ndo ukoo wake na anasimama kati yao na duma. Mfugaji kazi yake ni kumkataza mchezo wa kuwakimbiza mbuzi anapokuwa bado mdogo, kazi kubwa imefanywa na pale alipokulia.

Nyumbani kwako sasa. Kitu cha kwanza kabisa, mlipe akiwa ametulia. Angalia nyumba nyingi, mbwa akilala kimya kivulini hakuna anayemtazama, akibweka watu watano wanatoka, akirukia mtu anashikwa anasukumwa anaongeleshwa, yaani fujo ndo inamletea watu na mbwa anapenda watu. Weka dagaa mfukoni, ukipita umemkuta kalala vizuri dondosha moja mbele ya pua yake na uendelee na safari, usiseme kitu. Mi wangu wa sasa nilifanya hivo wiki tatu tu, leo wageni wakija anaenda mwenyewe kulala kwenye gunia lake karibu na tenki la maji, kwasababu pale ndo dagaa zilikuwa zinadondoka.

Kuruka kwa wageni kuna uzito wake, maana jirani zetu wengi ni Waislamu na hawataki mate ya mbwa kwenye nguo wanazoswalia, mtoto wa mbwa akikurukia ukacheka leo, kesho atamrukia shehe anayepita. Akiruka geuka umpe mgongo, mikono juu, kimya. Miguu yake minne ikiwa chini ndo unainama kumsalimia. Ila lazima nyumba nzima mkubaliane, baba, dada wa kazi, watoto, mlinzi wa geti. Mmoja akiwa anamchezesha anaporuka basi kazi ya wote imeharibika, mbaya zaidi kulipwa siku moja moja kunamfanya aendelee kujaribu muda mrefu kuliko angelipwa kila siku.

Chakula kiwe sehemu moja na saa zilezile, usimpe mezani hata akikutazama kwa huruma. Kujisaidia, mtoe nje akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, msubiri afanye umsifie palepale. Kutafuna viatu hiyo ni meno yanaota, viatu viweke juu na umpe mfupa mkubwa wa ng'ombe mbichi, usimpe ya kuku iliyopikwa inapasuka inachoma utumbo. Kuku nao, mfunge kamba karibu yao wakati wanadonoa, akiwatazama akatulia mpe kitu, mpaka awachoke.

Kuhusu fimbo nataka niseme wazi kwasababu inaniuma. Wangu wa kwanza aliua kuku, nikamwita, akaja anatikisa mkia, nikampiga. Kwa upande wake alichapwa kwa kosa la kuja alipoitwa, kuku alikuwa ameshamsahau. Miezi mingi baada ya hapo nikimwita anasimama mbali, kichwa chini, hasogei, siku moja akawa barabarani gari linakuja namwita hataki kuja. Aliponea chupuchupu. Usimwite mbwa ukampiga, hata iweje. Akikosea mbele yako mkatishe kwa sauti fupi alafu muoneshe cha kufanya, kama kosa hukuliona safisha unyamaze.

Na hii ya kumfungia bandani mchana kutwa tangu mdogo na kumlisha pilipili ili awe mkali, acheni. Unapata mbwa anayeogopa kila kitu, akitoka usiku hatofautishi mwizi na mtoto wako aliyeenda chooni. Mbwa anayewajua watu wa nyumbani vizuri na kulala huru uwani ndo anayesikia mgeni mapema.

Ukimchukua mkubwa tayari, wa mtaani au aliyeachwa na waliohama, fanya hayohayo ila polepole. Wiki ya kwanza usimguse sana, mlishe sehemu moja, kaa mita kadhaa umpe mgongo, asogee mwenyewe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, alafu irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyokupangia. Na mbwa mwenye adabu akibadilika ghafla, ananguruma akiguswa au amejitenga, usimchukulie ni jeuri, mara nyingi kuna sehemu inauma, sikio, jino, kiuno, mpeleke apimwe. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, na aende hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa anaonekana mzima.