Intaneti ya nyumbani katika mji mdogo: pima kwanza, ndipo ulipe

Kila wiki naulizwa, "Mkuu, nichukue intaneti ya kampuni gani?" Sina jibu, na anayekujibu haraka bila kujua nyumba yako imekaa wapi anakubahatishia. Mjini kwenye majengo marefu ni sawa, lakini katika mji mdogo nyumba mbili zilizotenganishwa na mteremko tu zinaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo leo sitaji kampuni bora. Nafundisha kupima.

Hatua ya 1: angalia nguzo. Ramani ya kampuni hupaka rangi mji mzima, wewe unaishi kwenye nyumba moja. Toka nje, fuata nyaya kwa macho, kisha muulize jirani anatumia nini. Faiba (waya mwembamba wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga) ikiwa imefika kwenye nguzo iliyo mbele yako, acha kusoma hapa, kaombe uunganishwe. Waya wa simu wa shaba ni habari nyingine: kasi yake hushuka kadiri ulivyo mbali na kituo cha kampuni ya simu, na ukipita kilomita 5 hivi hakibaki cha maana.

Hatua ya 2: pima mawimbi ya simu, chumba kwa chumba. Hapa ndipo wengi wetu tutaishia, kwenye intaneti ya laini ya simu, basi tukae kidogo.

Vile vijiti vya netiweki juu ya kioo visikudanganye, kila simu huvichora inavyotaka. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu", tafuta hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa, mwishoni imeandikwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ikikaribia sifuri ni nzuri zaidi. Kwa 4G, -85 ni raha, -100 inavumilika, -110 inasuasua, -120 hamna kitu.

Mimi rauta yangu ya kwanza (kile kifaa kinachopokea intaneti ya laini na kuisambaza nyumbani kwa wifi) niliiweka kwenye meza ya TV, kwa sababu ndipo soketi ilipo. Video zikawa zinakwama. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime niwashe, nikazima nikawasha wiki nzima. Mwishowe nikachukua waya wa kurefushia umeme nikaibeba rauta kama mtoto mchanga, naizungusha nyumba nzima huku nasoma namba. Meza ya TV: -112. Chumbani: -108. Dirisha la jiko, upande unaotazama mnara: -96. Laini ile ile, bando lile lile. Mpaka leo inakaa kwenye rafu ya vikombe, na mke wangu alininunia mpaka siku binti yetu alipomaliza kipindi kizima cha masomo bila kukatikiwa.

Kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta, ule unaofunguliwa kwa kivinjari, utakuta pia namba iitwayo SINR, yaani mawimbi yamezidi kelele kwa kiasi gani. Ikizidi 13 ni safi, ikishuka chini ya 0 ni fujo. Ukiona mawimbi yana nguvu lakini SINR mbovu, huenda minara miwili inagombana mahali ulipo, geuza rauta au ihamishe. Ukipewa nafasi ya kuchagua masafa ya mawimbi (huandikwa kwa MHz), kumbuka kwamba 700 na 800 MHz hufika mbali na hupenya kuta, wakati 2600 MHz huwa na nafasi zaidi ya kubeba data lakini huchoka mapema.

Hatua ya 3: rudia kipimo saa mbili usiku. Mnara ni kisima kimoja cha watu wote. Saa nne asubuhi unachota peke yako, usiku kila mtu ameleta ndoo. Weka laini ya kampuni unayoifikiria kwenye simu, pima kasi usiku tatu, mmoja uwe wa wikendi. Kipimo cha asubuhi kitupe.

Hatua ya 4: antena ya nje. Kama juu ya paa kuna -98 na ndani -113, inafaa. Hakikisha rauta ina matundu ya antena (nyingi hazina), chukua yenye waya mbili, na waya ziwe fupi, maana waya mrefu unakula kile kile ulichokipandia paa.

Hatua ya 5: setilaiti. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu, kwa hiyo ukisema "haloo" mwenzako anaipata baada ya kitambo, na kwenye mkutano wa video mnakatizana hovyo. Zile za kampuni ya Starlink huzunguka karibu kilomita 550, kwa hiyo ucheleweshaji si tatizo tena. Tatizo ni anga: tawi moja likiingia njiani, simu hukatika kwa sekunde kadhaa. Na dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100 muda wote linapofanya kazi. Wa sola, piga hesabu mapema.

Maswali ya wanachama

*Nimelipia 20, mbona faili linashuka kwa 2.5? Nimeibiwa?*
Hujaibiwa. Wanauza megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti. Gawanya kwa 8.

*Nikinunua rauta ya 5G nami huku hakuna 5G, nitafaidi?*
Itashuka yenyewe hadi 4G. Fedha hiyo iweke kwenye antena.

*Je, kifaa cha kuongeza wifi?*
Kinasambaza ulichonacho. Kama kwenye rauta ni mchuzi wa maji, chumbani utafika mchuzi wa maji.

*Wameniandikia "bila kikomo" lakini katikati ya mwezi inakuwa kobe.*
Soma maandishi madogo. Mara nyingi kuna kiwango ukikifikia kasi inabanwa. Saa moja ya video ya HD inakula kama GB 3, sasa zidisha kwa watoto ulionao.

*Umeme ukikatika dakika tano, rauta inachukua muda mrefu kurudi.*
Nunua kile kibetri kidogo cha rauta. Soma kwanza volti kwenye chaja yako. Ya 12 ukiipa 9 haitawaka vizuri, na ya 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

*Mimi niko bondeni, nimepima hadi juu ya paa, -121 kote. Kaka yangu yuko mlimani, kilomita mbili hivi, kwake inashika vizuri.*
Basi intaneti yako iko kwa kaka. Rauta ikae kwake, halafu mfunge redio mbili za 5 GHz (vifaa vya kurushiana intaneti bila waya) zinazotazamana, moja kwake moja kwako. Kilomita mbili si kitu kwa redio hizo. Ila je, paa zenu zinaonana?

*Zinaonana, isipokuwa kuna mti mkubwa katikati.*
Majani yenye maji hunyonya mawimbi hayo vibaya sana. Pandisha mlingoti hadi uuvuke mti, na uache mita kadhaa za ziada, kwa sababu mti bado unakua.