Baiskeli kuukuu kwa mtu wa makamo: kuichagua, kuifungua na kuiendesha Mombasa

Kisiwa cha Mombasa hakina mlima wa kumkata mtu pumzi, na aliyevuka miaka arobaini hana haja tena ya kushindana na mtu barabarani. Ndiyo maana Raleigh ya zamani, ile ya breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fito badala ya waya, au baiskeli nzito iitwayo Black Mamba ya kutoka India au China, inamfaa sana. Unakaa wima, mgongo haulalamiki, na karibu kila kitu kinafunguka kwa spana na nyundo. Ni nzito, kama kilo 20 hivi. Hilo likubali mapema.

Hapa pwani kinachoziua ni chumvi, nayo hula chuma kuanzia ndani kabla ya nje. Ukienda kutazama baiskeli Kongowea au Kisauni, rangi mpya ikutie wasiwasi badala ya kukufurahisha. Gonga mabomba kwa sarafu, hasa pale chini yanapokutana kwenye ekseli ya pedali, maana maji hutuama hapo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Kisha legeza nati ya kiti ujaribu kukizungusha. Bomba la kiti likiwa limegandia kutu, punguza bei, maana kulitoa ni kazi ya siku kadhaa za mafuta ya kulainisha na subira. Ukikubaliana na muuzaji, muandikiane na muweke nambari ya fremu kwenye karatasi.

Kama ina gia tatu za kampuni ya Sturmey-Archer, pangusa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, usome kilichochongwa. AW 58 7, kwa mfano, ni habu ya aina ya AW ya Julai 1958. Huo ni umri wa habu tu. Fremu huenda ni ya mwaka mwingine, kwani magurudumu yamebadilishwa sana.

Kazi inayoharibu baiskeli nyingi kuliko zote ni kutoa kota pini, kile kipini kinachoshika krenki, yaani mkono wa pedali, kwenye ekseli. Wengi hupiga nyundo huku baiskeli imesimama kwa magurudumu yake, na nguvu yote huishia kwenye gololi za ekseli na vikombe vinavyozibeba. Fanya hivi: tia mafuta ya kulainisha usiku kucha. Legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini, usiitoe kabisa, ndipo nyuzi za skrubu zisipondeke. Weka kipande cha bomba nene wima kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, pini ipate tundu la kushukia. Halafu pigo moja zito. Pigo ndogondogo ishirini huitanua pini, na ikishatanuka itabidi itobolewe kwa drili.

Chukua pini ya zamani uende nayo dukani, maana za Raleigh ni za milimita 9.5 na ziko pia za 9, ambazo zitacheza. Nunua mbili na uzifungie zikielekea pande tofauti. Ukiona pedali moja imetangulia nyingine kidogo, bapa za pini, yaani pande zake zilizosawazishwa, hazilingani; zipige tupa. Gonga kwanza ndipo ukaze nati, kwani kazi ya nati ni kushikilia, si kuvuta. Kaza tena baada ya kilomita 20 au 30. Ile “ko” unayoisikia kila mzunguko mara nyingi ni pini iliyolegea.

Ukiwa umeshafungua hapo, badilisha gololi zote: 22 za robo inchi, 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Kikombe cha kulia hufunguka kinyume cha kawaida, basi kama hakijachubuka kiache mahali pake.

Tairi ina mtego wake. “28” peke yake haitoshi, soma ubavuni. Breki za vyuma kwa kawaida huenda na 40-635, yaani 28 x 1½. Iliyoandikwa 622 haitakaa.

Magoti sasa. Nyingi zina meno 48 mbele na 18 nyuma, karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukiweka 22 nyuma unashuka hadi mita 4.9, na goti litashukuru ukipambana na upepo wa Kusi kwenye Daraja la Nyali. Mnyororo utahitaji kuongezwa inchi moja hivi. Kiti kipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini mguu unyooke kabisa. Habu ya gia tatu ikiteleza kati ya gia usiendelee kukanyaga: mguu hudondoka ghafla na goti ndilo huumia. Rekebisha kamba ya gia kwanza.

Toka alfajiri, kabla ya tuktuk kujaa. Mama Ngina, kando ya bahari, ni pazuri. Vichochoro vya Mji wa Kale vyataka mwendo wa taratibu na kengele. Wakati wa masika breki za vyuma hushika kwa kuchelewa, kwani rimu za chuma zikilowa huteleza, basi anza kufunga mapema mara mbili ya kawaida.

Ukirudi kutoka ufuoni au kwenye feri ya Likoni, pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, kausha, tia mafuta kidogo kwenye mnyororo na matone machache ndani ya habu. Mafuta mepesi ya mashine, si ya kupikia, ambayo hugeuka gundi. Tandiko la ngozi usilipake mafuta ya nazi. Hulainika, likabonyea katikati.