Mrehani na samadi: majani mengi hayamaanishi dawa nyingi

Kwenye mahindi hesabu ya mbolea ni rahisi: mavuno yakiongezeka, umefaulu. Mrehani na mimea mingine ya dawa ina hesabu ya pili, nayo ni ubora wa kilichomo ndani ya jani.

Sugua jani la mrehani. Harufu inayobaki vidoleni imetoka kwenye vifuko vidogo mno vya mafuta vilivyotapakaa juu ya jani. Ndani ya jani kuna pia asidi ya rozmariniki, ambayo ni sehemu kubwa ya thamani ya mrehani kama dawa. Naitrojeni, kirutubisho cha mbolea kinachokuza majani, ikizidi, mmea hupeleka nguvu zake kwenye kukua: majani yanakuwa mapana, laini, ya kijani kilichokolea, yanapendeza macho. Lakini tafiti za mrehani zimeonyesha kuwa asidi hiyo hupungua naitrojeni inapoongezwa. Mafuta hayana kanuni moja. Yanaweza kupungua katika kila kilo ya majani, huku jumla ya mafuta ya shamba zima ikipanda kwa sababu majani ni mengi. Kwa hiyo jua kwanza unauza nini. Anayekamua mafuta kwa mvuke anaweza kuweka mbolea nyingi kuliko anayekausha majani ya mrehani ya kunywa kama chai.

Usiibebe kanuni hii kwenye kila mmea, hata hivyo. Kwinini ya mkwinini, unaolimwa Kivu, imejengwa kwa naitrojeni yenyewe, hivyo kuunyima mmea huo chakula hakutakupa dawa zaidi.

Kwa mrehani napendekeza samadi ya ng'ombe iliyoiva, kwa sababu huachia naitrojeni kidogo kidogo. Anza na kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba, yaani tani 10 hadi 20 kwa hekta, uichanganye na udongo kabla ya kupanda. Debe la lita 20 hubeba kilo 10 hivi. Mbolea ya kuku ni kali zaidi. Tumia nusu ya kiasi hicho au chini yake.

Kuiva ndiko wengi wanakokimbiza. Lundo lipate joto, ligeuzwe, linyunyiziwe maji likikauka, likae miezi mitatu hivi. Kisha chukua konzi mbili zenye unyevu, tia kwenye kopo, funga kifuniko, acha siku tatu. Ukifungua ukakutana na harufu ya mkojo au yai viza, bado. Iliyo tayari inanuka udongo wa msituni.

Samadi mbichi inanitia hofu hasa kwa mimea hii, maana hubeba vimelea vya kuhara na majani yanaishia kwenye kikombe cha mtu ambaye tayari anaumwa. Kanuni za Marekani za kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, zinataka samadi mbichi iingie udongoni siku 120 kabla ya mavuno ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 ikiwa haigusi. Mboji ya takataka za jalalani iache kabisa: betri na rangi kuukuu huacha metali zenye sumu, risasi na kadmiamu, na kuiva kwa mboji hakuziondoi.

Vuna mrehani unapoanza kutoa maua, asubuhi umande ukishakauka, na uanike kivulini kwenye chekeche. Kila shehena iandikie kwenye daftari aina ya mbolea, ilikotoka na tarehe uliyoiweka. Wanunuzi wa mazao ya kilimo hai huanza kwa kuuliza daftari hilo.