Dizeli ikimwagika mwaloni: kusafisha mchanga kwa bakteria

Kwanza zuia. Dizeli huelea, kwa hiyo jaza maranda makavu kwenye magunia, yafunge kwa kamba yawe mnyororo, zungushia eneo, kisha vuta taratibu kuelekea nchi kavu. Tafadhali usimwage sabuni. Ule utando wa rangi rangi utapotea machoni, lakini mafuta yatakuwa yamesambaa ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika, na katika mialo kama Kibirizi, Kigoma, watu huyategemea maji hayo. Kuyachemsha hakuondoi dizeli, wala vidonge vya klorini. Chota mbali mpaka hali itulie.

Mchanga ulioloa usombe kwa koleo hadi mahali mawimbi hayafiki. Utandaze juu ya turubai, unene usizidi sentimita 20, ukingo uinuliwe ili maji yasitiririke kurudi ziwani.

Bakteria wa kula mafuta, kama Pseudomonas na Rhodococcus, tayari wamo udongoni. Hakuna haja ya kuwanunua. Shida yao ni lishe. Dizeli ni kaboni tele bila naitrojeni wala fosforasi, sawa na ugali usio na dagaa. Uwiano unaolengwa ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Kwa kila lita 1 ya dizeli iliyobaki mchangani, hiyo ni takriban gramu 140 za mbolea ya yurea na gramu 35 za mbolea ya DAP (yenye fosforasi). Gawa mafungu manne, wiki mbili mbili. Ukimwaga yote siku moja, amonia itokayo kwenye yurea itawaua hao hao unaowalisha, pua itakuambia. Na mbolea isiwekwe kamwe kwenye maji ya ziwa, itaotesha mwani.

Geuza kwa koleo mara mbili kwa wiki, maana bila hewa kazi karibu isimame. Kupima unyevu, kamata konzi ya mchanga, ikamue: ishikamane bila kuchuruza maji. Ikinuka yai bovu, imelowa mno. Masika funika kwa turubai, ukiacha pembeni wazi.

Hesabu miezi, si siku. Kupima, tia konzi moja kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa, iache saa moja. Utando ukionekana juu, endelea kugeuza. Usipoonekana, peleka sampuli maabara kabla ya kuurudisha mchanga ufukweni, kwa sababu masalia mazito hayaonekani kwa macho. Oili chafu ya injini usiichanganye humo: ina metali, na hakuna bakteria anayeweza kumaliza metali.